Shangazi Hulda na Mianzi ya Kaka Yake

Shangazi yangu Hulda hakuingia nyumba ya mtu kabla mwenye nyumba hajamkaribisha kwa kinywa chake. Hata mvua ya kijijini kwetu Kifanya imnyeshee, alipiga hodi, akasimama uani, akangoja.

Kwa baba yangu alingoja kuliko kwingine kote. Wazee wa usharika walikuwa wameikata mianzi ya baba ili akose pombe ya ulanzi, aje kanisani. Hakuja. Aliapa kwamba hakuna Mkristo atakayevuka kizingiti chake, hata dada yake, na tayari kifua kilikuwa kinamsumbua. Shangazi alitaka jambo moja tu: kaka yake asikie habari za Yesu kabla hajafa.

Msimu wa mvua uliofuata, mianzi ilichipua, lakini mikono ya baba ilitetemeka, hakuweza tena kugema. Shangazi akachukua kisu. Asubuhi na jioni alichonga ncha za machipukizi, akatega mbeta, vile vikombe vya mwanzi, kisha akauacha ulanzi mlangoni na kurudi uani.

Jioni moja nilikuwa nyumbani, likizo ya chuo, nikimkorogea baba uji. Akacheka kwa sauti ili dada yake amsikie.

"Mkristo mgema! Wazee wako wakikuona je?"

"Wameshaniona, kaka."

Walikuwa wamemtenga na Meza ya Bwana, yeye aliyewafundisha wanawake katekisimu. Jumapili alikaa benchi la nyuma.

"Na huyo Yesu wako," baba aliuliza, "naye hungoja nje hivi?"

"Hungoja."

"Kwenye mvua?"

"Hata kwenye mvua, kaka."

Baba aliutazama mlango mpaka uji ukapoa. "Basi ingia, usije ukafia uani kwangu."

Nilitoka nikawaachia nyumba. Baba alifariki wiki hiyohiyo bila kubatizwa, na wazee hawakuja mazikoni. Nilipomwuliza shangazi kama baba aliamini, alisema, "Alinisikiliza," akalia.

Miaka kadhaa baadaye, nikifundisha Makambako, nilisikia kwamba anaumwa sana na bado hajarudishwa mezani. Nilipanda lori, nikafika kwake nimefura kwa hasira.

"Nakwenda kwa wazee sasa hivi. Watakurudisha leo, wapende wasipende!"

Niliporudi sikumkuta hai. Maneno yake ya mwisho aliniambia nikiwa nimeshafungua mlango:

"Nenda, mwanangu. Ila ukifika, usiingie mpaka wakukaribishe."