Pembe Nne Zinazotazama Vuria

Huku kwetu Mghange, ukitaka kujua nyumba ipi ina intaneti, huna haja ya kubisha hodi. Tazama madirisha. Rauta utaiona kwenye ukingo wa dirisha, imegeuzwa ielekee minara ya simu ya mlima Vuria kama jogoo anayengoja jua. Laini ya simu iko ndani yake, pembe, yaani antena zake, ziko juu, na kila mtu nyumbani anajua kwamba ukungu ukishuka hakuna kazi. "Vuria imefunikwa," tunaambiana, tunaweka simu chini. Kwa hiyo mtu wa hapa akienda dukani kununua rauta, huhesabu pembe. Wauzaji wa Wundanyi wanalijua hilo na hupanga zile za pembe nyingi mbele.

Mwalimu Tryphena Wakesho alinifundisha Kiswahili nikiwa darasa la sita. Alikuwa mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na wazazi kwa kuwa serikali haijamwajiri, na alibaki mwalimu wa bodi mpaka mimi nikamaliza chuo. Nafasi zilipotangazwa alipeleka vyeti vyake, kisha akarudi kutusahihishia insha kwa ujira uliofika pale tu wazazi walipouza kabeji. Mwishowe wazazi nao wakachoka. Akaambiwa asije muhula unaofuata. Hakuna aliyemwandalia hata soda ya kumuaga.

Binamu yake aliyehamia Uingereza ndiye aliyemwokoa. Alimwomba amfundishe bintiye, Shanice, kwa video kila Jumamosi mchana, maana mtoto hakuweza kumwambia nyanya yake wa Wundanyi lolote zaidi ya "jambo". Haukupita muda mrefu Shanice akampigia nyanya na kumuuliza kama yule mbuzi mweusi ameshazaa. Bibi wa watu alilia, akaenda kuwaeleza majirani kwamba mjukuu wake amepata ulimi. Habari zikaenea kwa Wakenya wa mji ule. Wana shule yao ya Jumamosi, nayo ikataka kumpa Tryphena darasa zima, kazi ya kudumu. Mkuu wa shule alikuwa na sharti moja: angehudhuria somo moja la majaribio, na mtandao usikatike. Alikuwa ameshasikia kwamba picha ya mwalimu huyu huganda.

Kazi aliyoingoja tangu mimi nikiwa mtoto wa kaptura ikawa inategemea mtandao wa Jumamosi moja.

Wakati huohuo kampuni moja ya mtandao ilikuwa imepitisha waya wa faiba kwenye nguzo za barabara yetu. Waliweka hema sokoni, spika ikipiga muziki, vijana wamevaa fulana za rangi ya machungwa. Tryphena alikwenda na maswali yake. Rauta ya laini anayo. Je, itafanya kazi na waya huu? Kama haitafanya, anunue ya aina gani? Kijana aliyeitwa Danson alikuwa akigawa kofia.

"Mwalimu, rauta ni rauta," akamjibu. "Ukiwa na yako huna haja ya kuchukua ya kampuni. Fundi ataunganisha tu."

Vijana wale walifundishwa kuuza, hawakufundishwa kueleza wanachouza, na hakuna bosi aliyeona kwamba hilo ni kosa. Tofauti yenyewe mtoto angeielewa. Rauta ya laini huvuta mtandao kutoka hewani, kwa hiyo pembe zake na mahali inapokaa ndiyo maisha yake. Faiba huja kwa waya hadi kwenye kisanduku kidogo ukutani, na rauta yake lazima iwe na tundu la kupokea kutoka kwenye kisanduku hicho. Haina shida na Vuria wala ukungu. Pembe zake ni za kuugawa mtandao humo ndani tu, basi pahali pake ni katikati ya nyumba, karibu na anayefanya kazi, si dirishani ikiwagawia ndege. Maneno hayo machache yangemtosha. Alipewa kofia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Tryphena anaishi na mama yake kwenye nyumba ya mawe aliyoiacha baba. Yeye ndiye anayelima, anayepika, anayempeleka mama hospitali. Lakini tangu baba afariki, kila kitu cha umeme kwenye nyumba ile kimeingia kwa mkono wa Ronald, kaka yake mkubwa, msimamizi kwenye shamba la mkonge huko chini, upande wa Voi. Televisheni ni yake. Friji ni yake. Hata balbu ya nje aliileta yeye, akapanda kiti akaifunga mwenyewe. Mama humshukuru kwa jina kanisani. Tryphena, mwanamke mwenye mvi, hajawahi kuchagua hata pasi.

Mama alipomweleza Ronald kwenye simu habari ya waya mpya, jibu lilikuja palepale: Tryphena asinunue kitu, rauta ataileta yeye.

Aliileta Jumapili baada ya ibada. Nyeusi, pembe nne, inang'aa. Mama aliiombea, akatandika kitambaa alichokifuma kwa mkono kwenye ukingo wa dirisha, Ronald akaiweka juu yake, uso kwa Vuria. Tryphena aliigeuza akaangalia nyuma. Aliona mahali pa kuchomeka laini na matundu mawili tu. Akauliza kwa upole kama itaupokea waya.

"Hii?" Ronald akacheka. "Hii ukiigeuza vizuri inashika mpaka Salaita kule mpakani."

Wote wakacheka, naye akacheka. Angefanya nini?

Fundi wa kampuni alikuja siku iliyofuata. Alitoboa ukuta, akafunga kisanduku cheupe, kisha akatazama nyuma ya rauta na kutikisa kichwa. Akamwambia kwamba hii ni ya laini, matundu yake ni ya kutoa mtandao, hakuna la kupokea. Watafute nyingine, wampigie. Akabeba ngazi yake akaenda kwa jirani. Kisanduku kikabaki ukutani kikiwaka taa, faiba imefika mpaka ndani ya nyumba na haina pa kwenda.

Tryphena akampigia kaka yake.

"Fundi wa nani huyo?" Ronald akauliza.

"Wa kampuni."

"Basi umejijibu. Hao wanataka uchukue yao, ulipe kila mwezi mpaka uzeeke. Ya pembe nne isipokee, eti yao ya pembe mbili ndiyo ipokee?"

Alimweleza tena habari ya matundu, polepole, kama anavyoeleza ngeli.

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, dada yangu," Ronald akasema. "Mambo ya mitambo niachie mimi. Nitakuja niione."

Nakubali kwamba alikuwa na sababu ya kuwashuku watu wa fulana za machungwa. Ila hakumshuku fundi peke yake. Alimshuku pia dada yake, aliyesoma kuliko yeye, katika jambo lililomhusu dada huyo na si mwingine yeyote. Hicho ndicho kinachonichoma.

Kufikia hapo Tryphena alikuwa ameshajua anachokitaka. Alikuwa amesoma kwenye simu mpaka akaelewa, na alikuwa amepata duka moja la Voi lenye rauta ndogo, pembe mbili fupi, tundu la kupokea limeandikwa waziwazi. Ingeweza kupakiwa kwenye matatu asubuhi na kumfikia kabla ya chai ya saa kumi. Kilichobaki ni neno la mama, na mama alikataa. Kitu alicholeta mzaliwa wa kwanza, alisema, hakibadilishwi kabla yeye mwenyewe hajasema. Je, baba yao angekuwa hai, Tryphena angethubutu? Basi akangoja. Kila jioni aliuliza kama Ronald amepiga simu. Ronald alikuwa na wageni shambani. Wiki ikaisha hivyo, kwa heshima.

Jumamosi ya majaribio Tryphena alivaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameandaa somo la sokoni: kabeji, kitunguu, mahindi, kikapu cha mama. Aliitoa laini kwenye rauta yake ya zamani akaitia kwenye ya Ronald yenye pembe nyingi, maana hakuwa na njia nyingine, akaketi karibu kabisa na dirisha. Huko nje, mlima ulikuwa umeanza kupotea.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Watoto walisalimia kwa sauti moja. Mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma yao, miwani puani. Tryphena akainua kabeji juu na kuuliza, "Hili ni nini?"

Akaganda hapo. Mama yake Shanice aliyaona yote na ndiye aliyetusimulia: mwalimu mdomo wazi, jicho moja limefumba, kabeji hewani. Watoto walingoja. Mmoja akasema, "Mwalimu amekuwa picha," darasa likaangua kicheko. Shanice peke yake alikuwa bado anajibu, akiirudia sauti ileile mbele ya kioo kisichosikia: "Kabeji, mwalimu. Ni kabeji." Picha iliporudi iliganda tena, na tena, mpaka mkuu akawaambia watoto wafungue vitabu vya kuchora.

Barua pepe yake ilikuwa ya adabu sana. Walimpata mwalimu mwingine, wa Nairobi.

Siku aliyoisoma, Tryphena hakumuuliza mtu. Aliagiza ile rauta ya Voi. Fundi akaiunganisha kwa muda wa kunywa kikombe cha uji, wakaiweka juu ya kabati la katikati, nyuma ya picha ya harusi ya wazazi. Tangu hapo nyumba ile ina mtandao ambao sijauona hata chuoni. Mama hakugombana. Aliomba jambo moja tu: ya Ronald ibaki dirishani juu ya kitambaa chake, na habari hii isitajwe.

Ronald alikuja siku ya pili ya Krismasi, nasi majirani tukaalikwa. Mama mwenyewe alikuwa amemsomea nambari ya siri ya waifai. Ronald aliketi kwenye kiti cha baba, akatazama mpira kwenye simu, picha safi kama maji ya kisima.

"Mnaona?" alituambia. "Hizo ndizo pembe. Na mlitaka kunidanganya na fundi wenu."

Mama alitazama kikombe chake.

"Na wale watoto wa Uingereza?" Ronald akaendelea. "Leo si Jumamosi? Mbona hufundishi?"

"Walichukua mwalimu mwingine," Tryphena akasema.

"Kwa nini?"

"Mtandao ulikuwa mbaya."

Ronald akacheka kwa mshangao wa kweli. "Mtandao mbaya, na rauta hii?"

Tryphena aliinuka, akaenda dirishani, akainyanyua ile rauta kama anayetaka kupangusa vumbi. Waya wake wa umeme ulining'inia, ncha yake haikuwa imechomekwa popote. Mpira uliendelea kwenye simu ya Ronald. Kila mtu sebuleni aliona.

"Inayofanya kazi ni ipi?" Ronald akauliza.

Tryphena akamwonyesha juu ya kabati, nyuma ya picha ya harusi.

"Nani aliinunua?"

"Mimi."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, kaka."

Ronald alibonyeza simu yake, akajiondoa kwenye waifai ya nyumba ile, akatumia bando lake mwenyewe. Nje Vuria ilikuwa imefunikwa. Wachezaji wakaganda uwanjani, mguu mmoja juu, naye akaendelea kuwatazama hivyohivyo.

"Umemwaibisha kaka yako mbele ya watu," mama akasema. "Rudisha kitu chake mahali pake."

Tryphena akakirudisha juu ya kitambaa, akakigeuza kielekee mlima, akaenda jikoni kuongeza maji ya chai.