Walimuuliza Binti Yangu Anamtaka Nani

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Sikujua kuna maswali ambayo mtoto hafai kuulizwa. Lakini wale wazee wana watoto wao, na ndio walimuuliza.

Mume wangu alileta bibi mwingine kule Leparua, akanifukuza. Nikarudi Chechelesi na watoto wetu wawili, nikaanza kuuza mandazi. Yeye hakuwa na haja nao. Ni kaka yake mkubwa aliyemjaza maneno, eti watoto wa ukoo hawawezi kulelewa kando ya barabara. Ndio tukaitwa kwa mzee wa mtaa. Tukaambiwa binti yangu, kwa vile ana miaka minane, ataulizwa anataka kukaa kwa nani, na mdogo wake atamfuata.

Wiki nzima nilimfundisha nikikaanga. Sema unataka kukaa na mama. Sema mama anakupikia, anakufulia, na shule iko karibu. Akikosea, namrudisha mwanzo. Nilifikiri huko ndiko kumsaidia.

Siku ikafika. Mzee mmoja akamwita, "Kuja hapa, mama. Usiogope. Wewe unataka nani?"

Akasimama wima, mikono nyuma, kama siku ya wazazi shuleni. "Hamjambo wazee wetu watukufu!" Hiyo sikumfundisha mimi. Akaendelea na ile sauti ya kuimbaimba mpaka akafika kwa kufua, akakwama. Akanigeukia. Midomo yangu ikamsomea neno bila mimi kujua.

Wazee walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Shemeji akajipiga kofi kwa goti: "Mnaona? Hii ni redio tu. Betri ndio ile pale imejifunga leso!"

"Kaa chini, mama," mzee wa mtaa akamwambia mtoto. "Umefundishwa."

Baba yao hakuinua macho kwa simu yake. Kabla ya saa kumi watoto walikuwa wamepakiwa kwa pikipiki.

Nawataja wote: huyo mume, huyo shemeji, na wale wazee waliocheka mtoto akitetemeka. Wangemuuliza akicheza, bila watu, angewaambia ukweli wake. Siwasamehe. Na mimi pia nimo, najua.

Nimeruhusiwa kuwaona siku shule inafungwa, hapo kwa geti tu. Mara ya kwanza binti yangu alinivuta kando.

"Mama, ni pale kwa kufua niliharibu, sindio?"

"Hukuharibu kitu, mama yangu. Walioharibu ni wao."

Hakuniamini. "Waambie waniulize tena."

Sikuweza kumwambia kwamba nilishaenda, na mzee wa mtaa akasema hiyo kesi imeisha, nirudi kwa mandazi yangu. Nikasema, "Nitawaambia."

Sasa akiniona kwa geti hata hanisalimii. Anauliza tu, "Wamesema lini?"