Niliambiwa ni Karatasi ya Transfa, Nikavaa Miwani

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Ikutha kila mtu ananijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, jembe nashika mwenyewe, na sijawahi kuomba mtu ushauri tangu nizaliwe. Naandika mwenyewe kwa simu, polepole. Mkiona makosa mnyamaze.

Kwa hii location yetu, mimi ndiye mzee wa kwanza kununua gari. Pijo pikapu. Imebeba maharusi, imebeba maiti, imebeba mama za watu kwenda kujifungua, na haijawahi kulala njiani. Tena mimi ndiye msomaji wa hapa. Barua ya serikali ikija wananiletea, nawasomea. Wananiita Mwalimu.

Mama watoto alipofariki, kijana wangu mkubwa anayefanya kazi Kitale akaniambia nihamie kwake. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne nikasema sawa, lakini Pijo inakuja. Akasema, "Baba, hiyo gari itafia Nakuru." Nikamwambia wewe ndio utafia Nakuru. Lakini ukweli ni kwamba klachi ilikuwa imeisha, basi tukakubaliana ipandishwe lori.

Sasa mtoto wa dada yangu, mwanaume mzima ana bibi na watoto huko Kikima, anajua mambo ya magari. Akasema, "Mjomba, wewe tulia, usafiri nitapanga." Akaja na lori na karatasi ya Kiingereza. "Hii ni ya transfa, mjomba. Weka sahihi." Mimi transfa ninayoijua ni ya walimu. Mwalimu akipata transfa anahama, hauzwi. Nikamuuliza, "Ya kupeleka gari Kitale?" Akasema, "Si wewe ndiye msomi wetu? Jisomee." Na majirani walikuwa wamesimama hapo wakiangalia gari ikifungwa kamba juu ya lori.

Nitasema kitu hata marehemu bibi yangu hakujua. Kiingereza sijui. Niliacha shule darasa la tatu nikalishe ng'ombe. Kiswahili nasoma, Biblia ya Kikamba nasoma, lakini Kiingereza naona tu herufi. Nikavaa miwani. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari nikitikisa kichwa, halafu nikagusa mahali fulani nikasema, "Hapa mmekosea spelling, lakini itapita." Watu wakacheka, wakafurahi. Nikatia sahihi. Logbook, ile hati ya gari, nikampa, alisema inasafiri na gari. Akachukua na simu yangu akabonyeza-bonyeza, eti nipate ujumbe gari ikifika.

Siku nne, Kitale hakuna gari. Ya tano nikapigiwa simu kwamba Pijo yangu iko Kikima inabeba kabeji. Nikaenda. Nikaikuta ameandika jina lake kwa mlango. Akaniambia, "Mjomba, usinipigie kelele mbele ya wateja. Ulinipa. Transfa ni kubadilisha mwenye gari. Uliisoma yote, hata ukanionyesha makosa, na simu yako ndiyo iliyokubali."

Ijumaa iliyopita tulikaa kwa chifu. Mpwa wangu akaleta majirani zangu mimi kama mashahidi, na hawakudanganya. Chifu akaniambia, "Mzee, swali ni moja. Hiyo karatasi uliielewa ama hukuielewa? Kama hukuielewa, naenda na wewe polisi leo hii, gari irudi. Kama uliielewa, ulimpa, hakuna kesi." Nikasema kichwa kinauma, anipe mpaka Alhamisi. Kijana wangu ananipigia kila siku, "Baba, sema tu hukuielewa, kwani ni dhambi?" Yeye hajui.

Hapa jirani kuna mjane. Mwaka juzi shemeji zake walimpa karatasi ya shamba, ya Kiingereza, akaniletea. Nikavaa miwani hiyo hiyo. Nikamwambia ni sawa, weka kidole gumba. Jana alikuja na kibuyu cha uji, akakaa, akasema, "Mwalimu, watu wanasema pengine ile ya gari hukuisoma vizuri."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati.

"Na ile yangu?"

Nikamwambia ile niliisoma vizuri sana. Akanishukuru, akachukua jembe lake akaenda kupalilia hilo hilo shamba.

Alhamisi ni kesho kutwa. Nikisema sikuelewa, Pijo yangu inarudi, na huyo mama atakuwa ameketi hapo mbele akisikia. Nikisema nilielewa, nitapanda basi kwenda Kitale mikono mitupu, lakini bado ni Mwalimu, na yeye nitamwacha na karatasi yake ambayo mpaka leo sijui imesema nini. Mimi si mtu wa kushindwa, lakini tangu jana uji wake uko hapo mezani, sijaweza kuunywa.

Nyinyi mliosoma, niambieni Alhamisi nijibu nini. Lakini mniandikie kwa Kiswahili.