Masuke Yaliyosimama Wima

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo hakunionyesha ofisi. Alinikabidhi kibanio na ungo uliojaa masuke ya mpunga, akaniagiza nitenge punje zilizojaa na mapepe, yaani maganda matupu, nihesabu zote. Nilikuwa binti wa Shinyanga mjini, mtoto wa muuza vitambaa, nimetoka chuoni na cheti cha fundi sanifu wa maabara, nikidhani nimekuja kushika hadubini. Alasiri ilinikuta bado nahesabu. Mkuu alipita, akaitazama karatasi yangu.

"Zainabu," alisema, "mpunga usiozaa ndio utakaokufundisha jinsi mpunga unavyozaa."

Kituo, cha utafiti wa mpunga, kilikuwa mbugani, kwenye bonde la udongo mweusi, mbali kidogo na Segese: vyumba vinne, kisima na majaruba. Nilijifunza hapo kwamba kila seli ya mpunga ina kromosomu ishirini na nne, yaani nyuzi zinazobeba urithi, nusu za baba na nusu za mama. Mmea unapotengeneza chavua, ule unga wa kiume wa ua, nyuzi hizo hazina budi kupungua nusu. Kwanza kila uzi hutafuta mwenzake, zikashikana jozi kumi na mbili; kisha huachana, huu huku, ule kule. Huo ndio mgawanyiko unaoitwa meiosisi. Zisiposhikana hugawanyika ovyo, chavua hutoka tupu, na suke hubaki na maganda.

Nilichuma masuke mpunga ukiwa bado na mimba, kabla hayajachomoza, nikayaloweka kwenye spiriti iliyochanganywa na asidi ya siki. Baadaye nilitoa kifuko kimoja cha chavua, nikakiponda juu ya kioo kwa tone la rangi nyekundu, nikakibonyeza kwa kidole gumba. Siku nilipoziona zile jozi kumi na mbili kwa mara ya kwanza niligeuka nimwonyeshe mtu. Chumba kilikuwa kitupu. Mwenzangu wa maabara alikuwa ameshapata kazi mgodini, kama wengi wenye cheti. Mume wangu naye alikuwa Katoro akinunua dhahabu kwa wachimbaji. Mwanzoni alirudi kila mwezi, halafu kila Idi, halafu nikasikia ana nyumba huko.

Mtafiti Mwandamizi alituletea, kwa ajili ya utafiti wake, mpunga ambao nyuzi zake hazishikani. Mmea kama huo hauachi mbegu, kwa hiyo tuliutunza kupitia wabebaji: mimea inayozaa vizuri lakini imeficha kasoro ndani. Ukipanda mbegu za mbebaji, katika kila miche minne mmoja huwa tasa. Mifuko ya wabebaji niliitunza mimi, na vibandiko niliviandika mimi.

Wiki ya kugawa mbegu kwa wakulima nilipata talaka kwa ujumbe wa simu. Sisemi hivyo kujitetea. Nilibandika jina la mbegu safi kwenye mfuko wa wabebaji, nao ukaenda Bugarama.

Mpunga ulipokaribia kuvunwa alikuja Mama Kulwa, mkulima wa huko, na masuke aliyoyafunga kwenye kitenge. Alimwamkia Mkuu mpya, aliyekuwa amechukua nafasi ya yule wa kwanza, kwa Kisukuma, mwangaluka, akayaweka mezani. Yalikuwa mapepe matupu. Mkuu alimweleza kuwa ni ukame, akamuaga kwa adabu. Mimi nilikwenda Bugarama kesho yake. Mpunga uliojaa ulikuwa umeinama. Mtupu ulikuwa umesimama wima, bado kijani. Nilitembea jaruba zima nikihesabu. Katika kila minne, mmoja ulisimama. Ukame hauchagui hivyo. Nilichuma vitoto vya suke vilivyochelewa kuchomoza, nikarudi kituoni, nikavitazama kwenye hadubini, nikaona nyuzi zimetawanyika, kila moja peke yake. Nilikaa pale mpaka jicho likaniuma.

Nilimweleza Mkuu kwamba kosa ni langu. Alifunga mlango.

"Andika ukame," alisema. "Ukiandika jingine, kituo hiki kitafungwa, na utakuwa umekifunga wewe."

Sikulala vizuri. Lakini Mama Kulwa alikuwa ameshawaahidi majirani mbegu, na kasoro ile ingetembea mashamba yote ya mbuga. Nilirudi kwake. Kisukuma changu kilikuwa kibovu, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole. Alinisikiliza akipepeta mchele.

"Na hizi zilizojaa?" aliuliza.

"Katika mimea mitatu iliyojaa, miwili inabeba kasoro. Kwa macho huwezi kuitambua. Kuleni yote, lakini msipande hata punje."

Aliweka ungo chini. Kisha akasema, "Mbegu ya mama yangu tuliila, kwa sababu mlisema hii ni bora."

Alichukua kanga yake, tukaenda nyumba kwa nyumba. Yeye alizungumza, mimi nilisimama kando nikitazamwa. Njiani alitangulia. Nyumba ya mwisho, bibi mmoja alikuwa amebakiza kibuyu cha mbegu ileile ya zamani, akampimia.

Niliandika taarifa kama ilivyokuwa. Kituo hakikufungwa. Mimi ndiye niliyehamishiwa stoo ya sampuli mjini, isiyo na hadubini, na hapo nilimalizia utumishi wangu, miaka mingi, nikisoma vibandiko vya watu wengine mara mbilimbili. Siku ya kustaafu nilimkabidhi Afisa Utawala funguo, akaniomba nisaini, nikatoka.

Vijana mnaoingia kazi hii, hadubini mtaizoea. Kosa lenu kulipeleka wenyewe mlangoni kwa mtu, hilo hamtalizoea, wala msilizoee.

Mwezi uliopita nilikwenda Bugarama. Mama Kulwa amezeeka, haoni vizuri, lakini sauti yangu aliitambua. Alinikalisha, akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia peke yangu.

"Hata siku ile ulikuja peke yako," alisema. "Wengi huja kutuletea mbegu. Wewe ulikuja kutuambia tusipande."

Alinifungia mchele wa mbegu ya mama yake. Jioni nilipofika nyumbani niliwasha redio, nikapima kikombe kimoja, nikabandika chungu jikoni.