Feni Iliyopuliza Mbele

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani nirudi nikasimame Maili Moja kwa dakika kumi tu. Sitaki ujana wote. Ujana wenyewe ulikuwa wa njaa na foleni za sukari. Nataka zile dakika kumi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi umeme wa magari, na kichwa kimenivimba. Kazi nilijifunza kwa Mzee Kondo, aliyekuwa na gereji yake Maili Moja, Kibaha: uzio wa makuti, mapipa mawili ya oili chafu, na yeye mwenyewe amekaa juu ya tairi akisikiliza injini za watu. Alinifundisha miaka minne. Wa tano nikaona nimemaliza, nikarudi nyumbani Mlandizi kujitegemea. Neno hilo siku zile lilikuwa kila mahali, redioni na kwenye kuta za ofisi za kijiji, nami nililichukua nikaliweka mahali pasipo pake.

Baba mdogo alikuwa na gari la Kiingereza, la tangu kabla ya Uhuru, alilolinunua kwa meneja wa shamba la mkonge kule Soga, Mzungu yule alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na mlango mmoja wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Feni yake, ile inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuyapoza maji ya injini yaliyo ndani ya rejeta, ilikuwa imekatika mapanga. Spea ya gari la namna ile hukuipata hata kwa dawa. Miaka ile tulikuwa tunatafuta sabuni, sembuse feni. Likakaa bandani karibu mwaka mzima, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Kisha zikaja habari kutoka Chole, Kisarawe, kwamba bibi yangu, mama yake mama, yuko hoi na anamwita binti yake.

Hapa lazima nikueleze kidogo. Watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa, bibi alikataa kuiacha nyumba yake, na mikorosho yake, na makaburi ya watoto wake wawili. Mama alikwenda kumsihi. Alipoona hasikii, akamwambia mbele ya watu kwamba anaitia familia aibu. Bibi alihama. Lakini tangu siku ile hakumpa mama neno refu; salamu, basi. Ikapita miaka. Sasa anamwita. Mama alipopata habari zile alikaa chini akalia kwa furaha. Mtu anaitwa kwa mgonjwa, analia kwa furaha! Alijua anaitiwa radhi.

Basi la kwenda huko lilikuwa linapita likitaka lenyewe. Baba mdogo akanitazama.

"Shomari, si unajiita fundi wewe? Lifufue hilo gari umpeleke mama yako."

Nilipata feni ya umeme kutoka gari la kisasa lililopinduka karibu na Ruvu. Nikaifunga nyuma ya rejeta, waya mmoja nikaupeleka kwenye swichi, mwingine nikaufunga kwenye bodi ya gari, kama nilivyozoea kufanya. Jumamosi mchana nikabonyeza swichi. Ikanguruma! Watu wakajaa uani. Nikawaambia, simameni mbele ya gari mjionee wenyewe. Upepo ukawapiga nyusoni, watoto wakafunua mashati wapate baridi. "Shomari kaleta pangaboi Mlandizi!" jirani akapiga kelele, nami nikasimama pale mbele, upepo ukinipiga kifuani, nikajiona ndiye mimi, hakuna mwingine.

Mwanangu, upepo ule ndio uliokuwa kosa lenyewe. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa ivute hewa kutoka mbele, iipitishe kwenye rejeta, iende kwenye injini. Ukisimama mbele ya gari hutakiwi kupulizwa. Ila magari yale ya zamani ya Kiingereza yalifungwa betri kinyume na haya tuliyoyazoea: bodi ilishika chanya, si hasi. Kwa hiyo feni yangu ilikuwa inazunguka kinyumenyume, na gari likishika njia ingeshindana na upepo wa barabarani. Mzee Kondo alikuwa na kipimo chake. Unaweka karatasi mbele ya rejeta. Ikinata, feni inavuta. Ikipeperuka, rudia kazi. Nilikijua kipimo kile vizuri sana. Niliona ni cha wanaoanza.

Tuliondoka Jumapili saa tatu asubuhi, mimi na mama tu. Ilibidi tuwahi, kwa sababu siku zile, kwa kubana mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Mama alivaa khanga mpya, na mapajani alipakata shuka jeupe alilomnunulia mama yake. Njiani alikuwa anajizungumzia polepole, anajaribu maneno atakayoanza nayo. Nikasikia "mama, nilikuwa mtoto" mara tatu au nne, na alikuwa na wajukuu yule.

Tulipokaribia Maili Moja akanigusa bega.

"Simama tumwamkie mwalimu wako. Gari limelala mwaka mzima, mwache naye alitazame."

"Tutachelewa, mama. Nimeshalitazama mimi."

"Wewe umelitazama, sikatai. Yeye akilitazama kuna ubaya gani?"

Nikaongeza mwendo. Mzee Kondo alikuwa pale nje ya gereji. Alipolitambua gari aliinuka, akanyoosha mkono kutusimamisha. Nikampigia honi kwa madaha, nikapita.

Gari lilianza kuchemka tulipoanza kupanda milima ya Pugu. Tukasimama, tukangoja lipoe, tukaongeza maji, tukaenda kidogo, likachemka tena. Mama alishuka na dumu, akagonga nyumba za watu kuomba maji, akarudi ameloa mabegani, khanga ile mpya imejaa vumbi. Hakunilaumu. Alikuwa anatazama jua tu. Tulifika Kisarawe mjini saa nane imeshapita, na askari akatusimamisha.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mama yangu anakufa."

"Pole sana, mama. Shikamoo. Sheria unaijua. Mpaka kesho."

"Marahaba," mama akasema.

Kesho yake asubuhi tukapata lori la korosho, gari tukaliacha kwa jamaa. Tulifika Chole saa saba, tukakutana na wanaume wanarudi na majembe mabegani. Bibi alikuwa amekata roho alfajiri, na kwetu maiti hawekwi. Mama alikwenda moja kwa moja kwa mama mkubwa, dada yake aliyekuwa akimuuguza, akamshika mikono yote miwili.

"Hakusema kitu? Hakuniachia neno?"

"Jana kutwa alikuwa anauliza kama umefika," mama mkubwa akasema. "Ilipofika magharibi akaacha kuuliza."

Lile shuka mama alilikunja upya, akarudi nalo nyumbani.

Mzee Kondo alipopata habari alikuja kutupa pole, kisha akafuatana nami Kisarawe kulichukua gari. Akafungua boneti, akawasha feni, akaweka mkono mbele ya rejeta. Akazibadilisha zile nyaya mbili. Hakutumia muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilingoja anitukane, naye hakunitukana.

"Mama yako umemwambia?"

"Bado, mzee."

"Mwambie leo. Usingoje kesho."

Sikumwambia leo wala kesho. Mama, kwa upande wake, alikuwa ameshajipa sababu yake: lile gari lilikuwa limechoka, na Mwenyezi Mungu hakupanga. Wageni wakija aliwaeleza, "Shomari wangu alijitahidi, alilifufua gari kwa mikono yake." Nikisikia hivyo nilitoka nje. Angenipiga kibao ningelala usingizi. Sifa zile zilinikosesha hata hamu ya kula.

Alifariki miaka michache baadaye, nyumbani Mlandizi, mimi nikiwa nimemshika mkono. Alinitazama akasema, "Nimekuwia radhi, mwanangu, kwa yote." Aliyoikosa kwa mama yake, mimi nilipewa bila hata kuomba. Hata hapo sikumwambia, akaenda zake. Mpaka leo, na mimi ni mzee mwenye meno ya kuhesabu, sijui kama katika yale yote limo na kosa hilo alilokuwa halijui. Namtamani, mwanangu. Natamani anisikilize mara moja tu, hata akasirike, hata aiondoe radhi yake, ilimradi awe ameiondoa akijua.

Basi nakuambia, wewe uliyejifunza kazi jana ukaona umeijua. Kazi ambayo mtu atapanda juu yake, mpe mwenzako aitazame, hata ukiwa na haraka, na hasa ukiwa na haraka. Watu wakikushangilia, pima tena. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usikae na kosa lako ukingoja lipungue uzito, halipungui. Lipeleke kwa uliyemkosea siku hiyohiyo. Atafoka, pengine atalia, lakini atakuwa anamsamehe mtu anayemjua.

Mungu akulinde na mikono ya haraka na ulimi mzito. Akupe mwalimu wa kukusimamisha njiani, na miguu ya kusimama. Na kama mama yako yu hai, na lipo unalomficha, inuka sasa hivi uende ukamwambie.