Barua ya Kumpendekeza Koplo Mwanahawa

Usiku ule wa kuamkia siku ya mwisho ya kupeleka majina, nililala barua ikiwa haijakamilika. Nilikuwa mkuu wa wauguzi katika hospitali yetu ya jeshi, na nilitakiwa kupendekeza mmoja wa kwenda ng'ambo kuhudumia majeruhi wa vita. Aliyefaa alikuwa Koplo Mwanahawa. Hakuna aliyemfikia kwa kuzuia damu kwenye jeraha. Lakini miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimempendekeza Sajenti Leokadia, naye alirudishwa ndani ya sanduku.

Katika ndoto nilikuwa wodini nikikunja bandeji. Leokadia aliingia akiwa na sare yake, mikono imelowa hadi viwikoni kama mtu aliyetoka kunawa.

"Afande, bado unaanza barua kwa penseli?" Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Nilitaka kumjibu, lakini wodi haikuwepo tena. Tumesimama ndani ya hema. Nje kuna baridi nisiyoijua. Vitanda vimepangwa safu mbili, na Leokadia anapita katikati akigusa wagonjwa vipaji vya nyuso. Namfuata nikiwa nimeshika nakala ya barua niliyomwandikia.

"Nisomee."

Nasoma: hodari, mtiifu, hana woga, yuko tayari kupangwa popote.

"Nani alikwambia sina woga?"

Maneno yale niliyatoa kwenye barua ya zamani iliyokuwa jaladani. Nilibadilisha jina na namba ya jeshi tu. Ndivyo tulivyofanya sote.

"Waliposoma huku, wakanipeleka kituo cha mbele kabisa," anasema. "Wenzangu waliulizwa. Mimi barua ilikuwa imeshanijibia."

"Nisamehe, Sajenti."

"Sikuja kwa hilo."

Tumefika kitanda cha mwisho. Ni kitupu, pembe za shuka zimekunjwa kama alivyozoea kuzikunja yeye. Anakitazama kwa muda mrefu, kisha ananitazama mimi.

"Huyo binti unayemwandikia sasa, umemwuliza?"

Niliamka. Nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kulipopambazuka nikavaa, nikaenda wodini kabla zamu hazijabadilishana. Mwanahawa alikuwa akimnywesha mgonjwa uji.

"Koplo, kule ng'ambo unataka kwenda?"

Aliweka kikombe chini. "Afande, wiki nzima watu wananiaga humu, mwingine kaniagiza hadi koti. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akamfuta mgonjwa mdomo. "Nataka kwenda. Ila mstari wa mbele naogopa, nina mtoto aliyeacha kunyonya juzi tu. Wakiniweka hospitali ya nyuma, hawatajuta."

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Rudia taratibu," nikamwambia, "niandike hivyo hivyo."