Pelagia Anajitafuta Kitabuni

Wifi yangu Pelagia, mjane wa marehemu kaka yangu, alikuwa na mdomo. Mimi mwenyewe sijapata kuitwa mpole, lakini mbele yake nilikuwa mtoto mchanga. Na mtu aliyemsema asubuhi na jioni ni Ndugu Cleophas, yule kiongozi aliyesimamia kuhamishwa kwetu mwaka sabini na nne, tulipotolewa mlimani tukaletwa huku bondeni, kijiji cha ujamaa, njia ya Kitanga.

Kule juu tuliacha migomba iliyonona na kaburi la kaka. Kulima mahameni, kule tulikohamishwa, ikawa marufuku. Pelagia alitaka kitu kimoja tu: ruhusa ya kupalilia migomba yake. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia yeye hana uwezo huo, amri ni ya Ndugu Cleophas, aende akamwombe mwenyewe. Pelagia akasema hawezi kumwomba mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke, na hata salamu hatampa. Na kwetu Buha salamu si kitu cha kupita nacho mbio. Unachutama, unapiga makofi polepole, unamwulizia mtu nyumba, watoto na ng'ombe, mpaka mwalimu aliyeletwa kutoka pwani anakata tamaa ya kufika kazini. Kumnyima mtu makofi yako ni kumwambia hayupo.

Basi kikaja kisomo cha watu wazima. Mimi nilikifuata kwa ajili ya soga. Pelagia alisoma kweli. Alipomaliza vile vitabu vya pamba na mbolea, akahamia kwenye kabati la maktaba pale ofisi ya kijiji. Mwaka sabini na nane akakuta humo kitabu cha maisha ya Ndugu Cleophas, aliyekuwa amekwisha staafu. Alikuja nacho nyumbani anahema. Alikuwa na hakika kwamba naye yumo. Mtu akubomolee nyumba mchana kweupe, umpige mwiko wa begani mbele ya umati, halafu aandike maisha yake akusahau? Haiwezekani.

Kwa kuwa hakujua yuko ukurasa gani, ilibidi asome zote. Alinisomea kwa sauti, kidole kwenye mstari, mimi nikichambua maharage. Tukasikia Cleophas alivyokwenda shule peku, na mama yake huko Kasanda alivyouza pombe ya ndizi ili amvishe. Nikamtania wifi kwamba kumbe mtu wake alizaliwa. Hakucheka.

Tulipofika mwaka wa kuhamishwa, tukakaa sawa. Kasulu, wilaya yetu, ilipewa mistari michache: kazi ilikwenda vizuri, wananchi waliitikia. Basi. Jamani, nilikasirika mpaka nikamwaga maharage. Pelagia akafunua ukurasa. Hapo Cleophas aliandika kwamba kwao Kasanda nyumba ya kwanza kubomolewa ilikuwa ya mama yake, ili watu wasije wakasema anapendelea. Mama akahamia kwa dada yake, na tangu siku hiyo hakumwitikia mwanawe salamu. Pelagia akausoma ukurasa ule tena, kimyakimya, machozi yanamtoka. Nikamwuliza kama amerogwa. Akasema anamlilia yule mama. Baadaye akaongeza kwamba na mwanawe pia, mjinga yule.

Kiangazi kile Ndugu Cleophas akaalikwa kijijini kwetu kufungua zahanati. Wanawake tukapangwa mstari. Mimi nilikunja mikono, nikajua na wifi atakunja yake. Loo, nikamwona anatoka mstarini, anachutama mbele ya mgeni, anapiga makofi, anamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

Akamwulizia nyumba, watoto, ng'ombe, hakuruka kitu. Watu wakakodoa macho. Kisha akauliza, "Na mama, alikuja kukuitikia?"

Ndugu Cleophas aliacha kiti alichowekewa, akachutama naye vumbini na suti yake safi. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba mama alifariki mwaka jana, na hakumwitikia.

"Pole," Pelagia akasema. "Kitabu chako nimekisoma chote. Umeandika kazi ilikwenda vizuri. Mimi simo."

Cleophas akamwuliza yeye ni nani. Pelagia akamweleza nyumba, kaburi, migomba. Alipofika kwenye mwiko, mzee wa watu akajishika bega, na sote tukacheka, yeye wa kwanza. Kisha akainuka, akamwambia mwenyekiti mbele ya wote kwamba amri ile aliitoa yeye, na alikosea; akamwomba amwache mama huyu arudi kwenye migomba yake. Mwenyekiti akasema hana kipingamizi.

Pelagia hakumshukuru.

"Kwa hilo, mama yako angekuitikia," akamwambia, akampigia makofi tena.

Kesho yake tulipanda mlimani. Mimi nilikuwa bado nimemkasirikia Cleophas, lakini nilibeba jembe.